Wakuu, hivi muonekano wa websaiti unaweza kuharibu uandishi wa watu?

katibu_umalila (Mbeya):

Kwema wakuu? Huku milimani baridi imeshaanza kuuma, naandika huku vidole vimekufa ganzi, mtanivumilia.

Iko hivi. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa viazi mviringo huku Umalila, tuna websaiti yetu ya kuulizana mambo ya magonjwa, bei, nani ana mbegu safi, lori linapita lini na kadhalika. Ile ya zamani sura haikuwa nayo kabisa, nyeupe tupu, maandishi meusi, ukitaka kuuliza lazima kwanza uandike kichwa cha habari halafu ndo linafunguka boksi kubwa linajaa skrini yote. Hakuna laiki hakuna nini. Kamati ikasema tumepitwa na wakati, akaletwa fundi akaifumua yote. Sasa hivi inapendeza kweli, kijani kijani, picha zinateleza zenyewe, kuna vimoyo na vidole gumba, na pa kuandikia ni kale kamstari kembamba kule chini kameandikwa "Andika hapa…" utadhani unachati na shemeji.

Shida ni kinachoandikwa humo. Nitoe mfano mmoja tu. Kuna mzee wetu wa upande wa Ilembo, zamani kabla ya mabadiliko aliuliza kuhusu bakajani, ule ugonjwa wa mabaka kwenye majani, akaandika aya tatu za nguvu. Kwamba shamba lake liko bondeni ambako ukungu hauondoki mpaka saa nne, kwamba mabaka yalianzia pembeni mwa majani ya chini yakawa kama yamemwagiwa maji ya moto, kwamba asubuhi akigeuza jani anakuta utando mweupe upande wa chini ila jua likishatoka hauoni tena, kwamba jirani yake aliyepanda kwenye mteremko hana shida yoyote. Hata kabla hujafika mwisho ulishajua mzee kavamiwa na nini. Na waliomjibu walijibu kwa kituo, mmoja akauliza dawa alipiga kabla au baada ya kuona mabaka, mwingine akamwambia afyeke yale majani ya chini ayatoe shambani.

Msimu huu mzee yuleyule, shamba lilelile, kaandika: "Viazi vinakufa msaada 🙏" na picha imepigwa kutoka barabarani huko, jani moja huwezi kuliona. Kapata vidole gumba kibao (sijui mtu analaiki nini hapo, viazi kufa?) na "pole mzee" kama zote. Msaada hakupata.

Mwenyekiti anasema watu wamekuwa wavivu tu. Mimi nahisi ni hilo boksi. Nyie mnaofanya hizi kazi mnasemaje, ni dizaini au ni watu? Nawasilisha.

---

fundi_kihesa (Iringa):

Kamwene mkuu.

Mimi ndo kazi yangu hiyo na nakwambia bila kupepesa, ni boksi. Mtu akifungua ukurasa, kabla hajasoma neno hata moja ameshajua anategemewa aseme kiasi gani. Mgeni ukimwekea kigoda pale mlangoni anajua ni salamu aondoke, ukimvutia kiti mezani anajua kuna chakula na maongezi. Kamstari kembamba ni kigoda hicho.

Angalia SMS. Ziliwekwa herufi 160, tukajifunza kukata maneno mpaka tukawa tunaandika "xaxa" na "2onane kexho". Twitter ilipoanza 2006 ikachukua herufi 140 ili ujumbe pamoja na jina la mtumaji vienee kwenye SMS moja. Novemba 2017 wakaongeza zikawa 280. Kila mtu alisema basi sasa watu watajaza magazeti humo, lakini wenyewe Twitter walivyotoa namba zao za majaribio ilionekana ni asilimia 5 tu ya tweet ndo zilizidi herufi 140. Kilichobadilika ni hiki, zamani kwa Kiingereza asilimia 9 ya tweet zilikuwa zinagota ukutani, baada ya kuongeza ikashuka mpaka asilimia 1. Na baadaye wakasema vifupisho vimepungua, watu wakaanza kuandika neno zima, na maneno ya adabu kama asante na tafadhali yakaongezeka. Yaani urefu ulibaki karibu palepale ila watu waliacha kukatakata. Kwa hiyo nafasi hailazimishi mtu aandike sana, inampa ruhusa aandike vizuri. Ndo tofauti.

Kitu cha pili, kile kichwa cha habari cha lazima. Watengeneza websaiti wengi wanakitoa wakiona kinamchelewesha mtumiaji. Ni kweli kinamchelewesha, na ndo faida yake hiyo, zile sekunde za kuwaza kichwa ni sekunde za kujiuliza "hivi mimi shida yangu hasa ni nini". Ukikitoa, shida inamwagika kama ilivyo, viazi vinakufa msaada.

Huyo fundi wenu simlaumu sana, amepewa kazi ya kupendezesha kapendezesha. Ila hakuuliza watu wanakuja kufanya nini pale.

---

tunduma_boda:

Mbombo ngafu 😂😂 kwa hiyo ukimpa mzee boksi kubwa anakuwa mwandishi wa riwaya?

Tuache utani, nyote mnasahau simu. Mimi niko mpakani nauza na kununua, simu yangu kioo kimepasuka upande wa kulia herufi P siipati mpaka nikandamize mara mbili, halafu ile programu ya simu inanisahihishia Kiswahili kwa Kiingereza, naandika sana inaweka Santa, naandika mimi inaweka mini. Mwisho unaamua uandike "sawa" uondoke. Sasa huyo ni mimi kijana, je mzee wa Ilembo?

Na bando. Hizo picha zinazoteleza nani amewaomba? Ukurasa ukifunguka MB zimeshaondoka kabla sijasoma kitu, nikikumbuka hivyo siwezi kukaa pale naandika aya tatu, naona kama mita ya teksi inahesabu. Ile nyeupe ilikuwa inafunguka hata ukiwa na kamstari kamoja ka mtandao. Enzi zile Opera Mini ilipendwa kwa hilo tu, inakubania ukurasa kule kwao unakufikia mwepesi.

Kwa huyo mzee mwambieni kijana wake amwekee kibodi ya Gboard achague Kiswahili, ipo, inapunguza hasira.

---

mwl_mstaafu_tukuyu:

Nawasalimu wote.

Nimefundisha Kiswahili sekondari miaka mingi, nitawapinga kidogo vijana wangu. Mnalipa boksi sifa isiyo yake.

Sikatai kwamba chombo kina sura na sura inavuta mkono. Sisi tuliwahi kutuma simu za maandishi posta, unalipa kwa neno, basi mtu anaandika MAMA MGONJWA NJOO na hakuna aliyemwita mvivu. Halafu mtu huyohuyo akinunua ile barua ya ndege, karatasi ya bluu inayokunjwa yenyewe ikawa bahasha, alikuwa anaandika mpaka pembeni, akimaliza nafasi anazungusha karatasi anaandika kwa kusimama, salamu za ng'ombe na za mbwa humo humo. Kwa hiyo hapo fundi wa Kihesa yuko sahihi.

Lakini jiulizeni, yule wa barua alijaza karatasi kwa sababu ya karatasi? Alijaza kwa sababu alijua kuna mtu mmoja upande wa pili atakayeikalia chini, aisome mara mbili, na ajibu. Nimesahihisha insha za wanafunzi wenye madaftari mazuri mno na nafasi tele, kurasa zimejaa upuuzi. Na nimesoma insha nzuri kwenye karatasi zilizochanwa.

Katibu, umetuambia jambo kisha ukalipita. Ulisema waliomjibu mzee mara ya kwanza walijibu kwa kituo, wakamuuliza maswali. Hao wako wapi leo? Mimi nasema mzee hakufupishwa na boksi. Alichungulia akaona wanaojibiwa wanapewa vidole, akaandika kiasi cha kidole. Rudisheni wale wajibuji, hata mkiacha kamstari kenu kembamba wazee wataandika.

---

fundi_kihesa (Iringa):

Shikamoo mwalimu. Nakuelewa lakini hapo umenisaidia mimi! Vidole gumba vimetoka wapi? Si ni dizaini hiyohiyo. Zamani mtu akisoma posti ya mzee ana njia moja tu ya kuonyesha amesoma, aandike. Sasa ana njia ya kubonyeza, haimgharimu kitu, na akishabonyeza roho yake inatulia kwamba ameshatoa mchango. Facebook waliweka kile kitufe Februari 2009, na ukiangalia kurasa za watu wetu toka kipindi hicho, ile "hongera sana kaka Mungu akutangulie" yenye maelezo imebaki kwenye misiba na harusi tu. Wajibuji hawakuhama mwalimu. Wamo humohumo, wanabonyeza.

---

mhariri_shambani (Njombe):

Nimekaa kwenye gazeti Dar kabla sijarudi kwenye maparachichi, ngoja niongee upande wa msomaji maana wote mmebaki kwa mwandishi.

Mwaka 1997 Jakob Nielsen, bingwa wa mambo ya matumizi ya wavuti, alitoa matokeo kwamba asilimia 79 ya watu waliopimwa walikuwa wanapitisha macho tu ukurasani, waliosoma neno kwa neno ni asilimia 16. 2006 wakafuatilia macho kwa mashine wakakuta yanatembea kwa umbo la herufi F, mistari ya juu inasomwa, inayofuata inasomwa nusu, halafu jicho linateremka ukingo wa kushoto. Sisi huku vyumba vya habari tukachukua hiyo tukaifanya dini. Kila kitu juu, sentensi fupi, aya ya sentensi moja. Sehemu nzuri ilikuwa kwamba waandishi waliacha kuanza habari na "katika hali isiyo ya kawaida". Sehemu mbaya ilikuja matangazo yalipoanza kulipa kwa kubonyezwa, hapo habari moja inakatwa kurasa nne ili ubonyeze mara nne, mwandishi anajua kwamba mwisho wa kila kipande lazima auninginize, basi anaacha kuandika habari anaandika ndoana. Na kichwa "HUTAAMINI ALICHOKIFANYA". Watu wanadhani waandishi walipoteza akili. Mpangilio wa ukurasa ndo uliokuwa unalipa upuuzi, na mwandishi ana kodi ya nyumba.

Katibu, mimi kwako ningeangalia kitu kingine ambacho hakuna aliyekitaja. Posti inakaa muda gani? Hiyo websaiti mpya naamini ni ya kushuka tu bila mwisho, mtindo ule alioubuni Aza Raskin 2006 na mwenyewe baadaye akaujutia hadharani. Posti ya asubuhi jioni huioni. Ile ya zamani ilikuwa na vichwa, mtu wa msimu ujao akitafuta bakajani anaikuta ya mzee. Mtu anayejua andiko lake litakaa hulipiga pasi, anayejua litazama jioni anatupa tu. Angalia Wikipedia, ya Kiswahili ipo toka 2003, watu wanabishana kwenye nukta na koma bila kulipwa, kwa sababu makala inabaki na jina lake palepale, na mabishano yamewekewa ukurasa wake pembeni yasichafue makala. Huo nao ni mpangilio.

Kingine cha haraka. Mwambieni fundi asinyooshe maandishi pande zote mbili kama gazeti. Maneno yetu marefu, "hawakutuelekeza", "yanayopatikana", kwenye skrini nyembamba ya simu yanaacha mapengo katikati ya mstari unaweza kupitisha trekta. Mstari wa kusomeka kwa raha una herufi 45 hadi 75 hivi, kwenye simu hazifiki, basi aache upande wa kulia ujikatie wenyewe. Mtu akiona maandishi yake yametoka vibaya hana hamu ya kuandika mengine.

---

dada_mafiati (Mbeya):

Jamani me nasoma hapa chuoni mambo ya kompyuta na nimewahi kujaribu kitu kama hiki kwenye mradi wa kikundi chetu so naomba nichangie.

Tuliweka fomu. Badala ya boksi tupu kuna maswali, umepanda lini, mbegu gani, umeona nini kwenye jani, umepiga dawa gani. Idea tuliitoa kwenye Stack Overflow, ule mtandao wa kuulizana wa waandika programu wa toka 2008, pale ukianza kuandika kichwa cha swali wenyewe wanakuletea maswali yanayofanana yaliyoshajibiwa, na swali bovu linapigiwa kura ya chini au linafungwa kabisa. Wakali kweli, wageni wanalia, ila maswali yao yanaeleweka.

Sasa kwetu, fomu ilisaidia nusu. Hakuna tena "msaada 🙏", kila mtu kajaza tarehe kajaza mbegu. Ila yale ya muhimu yakapotea! Kwa mfano lile la mzee wenu kwamba utando mweupe unaonekana asubuhi halafu jua likitoka hauoni, au kwamba jirani wa mteremkoni yuko salama, hakuna fomu duniani ingemuuliza hayo. Ni mtu anasimulia ndo yanatoka. Tukiongeza maswali watu wanaacha katikati, tukipunguza tunarudi kulekule.

Mwisho tukafanya hivi, kichwa, halafu boksi kubwa, na ndani ya boksi kwa rangi hafifu mfano wa posti ya kweli ya mtu aliyeelezea vizuri. Siyo "Andika hapa". Mtu akianza kuandika unafutika. Wakaanza kuiga urefu na mtiririko bila kuambiwa, wengine waliiga mpaka salamu yake 😅. Katibu chukua ile ya mzee mwenyewe muombe ruhusa iwe ndo mfano.

Kuhusu laiki sikubaliani na kaka fundi asilimia zote. Ukizitoa kabisa kuna watu hawana la kuongeza, wataanza kuandika "nimesoma" "ok" "asante" posti mia, ni uchafu uleule ila mrefu. Bora waachwe wabonyeze ila namba isionekane kwa watu. YouTube waliificha namba ya wasiopenda Novemba 2021 na kitufe kikabaki palepale.

---

tunduma_boda:

Hapo kwenye mfano ndani ya boksi nimekukubali dada. Ila uwe mfupi, kwenye simu yangu aya tatu zitajaza kioo chote na ufa wangu humo humo.

---

katibu_umalila (Mbeya):

Ndaga wakuu, nimewasoma wote, mwalimu wewe nimekusoma mara mbili.

Mhariri umebahatisha kweli, ni ya kushuka bila mwisho, na mbaya zaidi zile posti za zamani hazikuhamishwa, fundi alisema hazikuwa na picha zitaharibu muonekano. Ya mzee ninayo kwa sababu niliikopi kwenye simu.

Kesho kutwa tuna kikao. Nitaomba kichwa kirudi, boksi kubwa lirudi, maandishi yaje kwanza na picha ifuate chini tena ikiambatana na swali moja tu, "hii picha inaonyesha nini", na zile zinazoteleza ziondoke kabisa, boda ana haki. Mwalimu ulivyosema kuhusu wajibuji nimekipata, nitawafuata wawili watatu niwaombe wawe wanapita asubuhi wanauliza maswali, yule aliyemwambia mzee afyeke majani bado yupo, nilimwona sokoni Mbalizi.

Kwenye laiki patakuwa na vita. Mwenyekiti anazipenda, posti yake ya kukaribisha msimu ndo inaongoza. Na fundi nimempigia anasema kuficha namba ni kazi nyingine, na bei nyingine. Hiyo ni kweli wakuu?

---

fundi_kihesa (Iringa):

Hahaha mkuu usilipe. Ni mstari mmoja wa CSS, yale maagizo ya muonekano wa ukurasa, mwambie aguse hiyo namba aandike display: none, chai haijapoa ameshamaliza. Zile posti za zamani ndo kazi yenyewe, kwa hizo mlipe, na mumbane kabla hajafuta bekapu. Akikataa nitumie inbox mafaili nizihamishe mimi, gunia moja la viazi linatosha.

---

dada_mafiati (Mbeya):

Na kwa mwenyekiti, mwachie yeye peke yake aione namba yake. Inawezekana pia 😂